Upanga Uliozikwa: Chuma na Maandishi katika Riwaya za Jin Yong

0. Utangulizi

Kila mara semina yetu ya fasihi linganishi inapofikia hadithi za kishujaa, swali moja hurudi: kati ya panga zote mashuhuri za hadithini, upi una nguvu kuliko zote? Wanafunzi wetu, ambao wengi wao walizijua picha za video za Hong Kong kabla ya kufungua ukurasa wowote wa fasihi ya Kichina, hulijibu kwa furaha na kwa kelele. Mmoja huutaja upanga unaokata chuma kama muhogo, mwingine huutaja ule unaoruka hewani peke yake. Mwaka huu mwanafunzi mmoja alijibu kwa kuuliza: "Na yule bwana aliyezika panga zake, Profesa, yeye alitumia upi mwishowe?" Darasa lilicheka. Lakini swali lake lilikuwa bora kuliko lile letu la kwanza, na makala haya ni jaribio la kulijibu.

Bwana huyo ni Dugu Qiubai, bingwa wa upanga anayetajwa katika riwaya za Jin Yong. Tunanuia kuchunguza jinsi mwandishi alivyozitumia panga za bingwa huyo, na hasa ule mzito wa chuma cheusi, katika riwaya mbili zinazofuatana: Shendiao Xialü, ambayo jina lake tunaweza kulifasiri kuwa Tai wa Ajabu na Wapenzi Mashujaa (1959–1961), na Yitian Tulong Ji, yaani Upanga wa Mbingu na Kitara cha Kuulia Joka (1961–1963). Tutagusia pia riwaya ya tatu, Xiao'ao Jianghu (1967–1969), kwa sababu inaleta pingamizi ambalo mhakiki mwaminifu hawezi kulikwepa. Dai letu ni hili: Jin Yong aliuweka upanga wake mashuhuri kuliko zote kaburini pamoja na maandishi ya wazi, warithi wakakichukua chuma na kuyaacha maandishi, na damu nyingi inayomwagika baadaye inatokana na kosa hilo.

1. Istilahi na uwanja

Kabla ya kuendelea, hatuna budi kuyafafanua maneno machache. Riwaya za Jin Yong ni za kumbo inayoitwa kwa Kichina wuxia. Wu ni mambo ya vita na mapigano. Xia ni shujaa anayetumia silaha yake kuwatetea wanyonge nje ya sheria za serikali. Mashujaa hao wanaishi katika jianghu, neno ambalo maana yake ya asili ni "mito na maziwa", lakini hapa ni ulimwengu wa watu wasiotulia mahali pamoja: mabingwa, watawa, ombaomba, majambazi na wapenzi waliotoroka. Kumbo hiyo ina majira na miji ya kweli ya historia, ila wahusika wake wanaruka juu ya mapaa na kuvunja mawe kwa viganja. Kwa hiyo tunaweza kuiweka katika fantasia bila kuidhulumu.

Kichina kinatofautisha jian, silaha iliyonyoka yenye makali pande zote mbili, na dao, silaha yenye makali upande mmoja. Tafsiri nyingi huziita zote "upanga", na msomaji hupotewa na tofauti ambayo mwandishi aliitumia kwa makusudi. Kiswahili hakina haja ya kupotewa, kwani tunalo neno kitara kwa ajili ya upanga uliopinda wenye makali ya upande mmoja. Katika makala haya jian itakuwa upanga na dao itakuwa kitara. Tunakumbusha pia kwamba kwa wasomaji wetu wengi wa Kongo neno panga huleta kwanza picha ya chombo cha shambani. Tunaloliita upanga hapa halifyeki majani. Ni silaha ya bingwa mmoja dhidi ya bingwa mwingine.

Fantasia ya nchi za Magharibi nayo ina panga zenye majina, na kwa ajili ya ulinganisho zinatosha mbili. Katika The Lord of the Rings ya J. R. R. Tolkien (1954–1955), upanga Andúril unafuliwa upya kutokana na vipande vya upanga wa kale, ukapewa mrithi wa wafalme. Kazi yake kubwa ni kushuhudia: anayeushika ana haki ya kiti. Katika hadithi za Michael Moorcock kuhusu Elric, zilizoanza kuchapishwa mwaka 1961, upanga Stormbringer unakunywa roho za wanaouawa na kumpa nguvu mwenyewe, ambaye bila huo ni mtu dhaifu wa mwili. Upanga huo unamuua hata mpenzi wake Cymoril, na mwishowe unamuua yeye. Upanga wa kwanza unamthibitisha bwana wake, na wa pili unamla. Katika mifano yote miwili shujaa hawezi kutenganishwa na silaha yake.

Msomaji wa Kiswahili ataikumbuka hapa habari ya Fumo Liyongo, ambaye hakuna silaha iliyomweza isipokuwa ile ya shaba iliyochomwa kitovuni, tena kwa mkono wa mwanawe. Hadithi yetu inauliza: ni kitu gani kinachoweza kumwangusha shujaa? Jin Yong anauliza swali lililo jirani ya hilo, lakini linaelekea upande mwingine: ni kitu gani ambacho shujaa anaweza kukiacha, akabaki shujaa?

2. Kaburi la Panga

Jin Yong ni jina la kalamu la Zha Liangyong, aliyezaliwa mwaka 1924 katika mkoa wa Zhejiang, akahamia Hong Kong mwaka 1948, akafariki huko mwaka 2018. Riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1955, na jina lake, Shujian Enchou Lu, linaanza na maneno mawili yatakayotusindikiza hadi mwisho wa makala haya: kitabu na upanga. Mwaka 1959 alianzisha gazeti la Ming Pao, na Shendiao Xialü ikaanza kutoka humo sehemu kwa sehemu. Baadaye alizisahihisha riwaya zake zote zaidi ya mara moja. Sisi tunafuata matoleo yaliyosahihishwa katika miaka ya 1970.

Mhusika mkuu wa Shendiao Xialü ni Yang Guo, kijana yatima mwenye akili kali na moyo wa hasira. Katikati ya riwaya, Guo Fu, binti wa shujaa Guo Jing, anamkata mkono wa kulia katika ugomvi. Yang Guo anakimbilia milimani karibu na mji wa Xiangyang, ambao Wamongolia wanauzingira, na huko ndege mkubwa jamii ya tai anamwongoza hadi kwenye makao ya mtu aliyekwisha kufa zamani. Mtu huyo ni Dugu Qiubai. Dugu ni jina la ukoo, lakini herufi zake zinabeba maana ya upweke. Qiubai maana yake ni "atafutaye kushindwa". Bingwa huyu aliwashinda wote, akamtamani mtu mmoja tu wa kumshinda, asimpate, akaingia bondeni kuishi na ndege wake.

Jambo la kwanza la kuzingatia katika usimulizi ni kwamba Dugu Qiubai hatokei hata mara moja akiwa hai. Hatumwoni akipigana, hatusikii sauti yake, hatujui sura yake. Tunamjua kwa vitu vitatu: ndege wake, panga zake, na maneno machache aliyoyachora katika mawe. Bingwa mkubwa kuliko wote katika riwaya hizi ni maandishi.

Mahali pa kuzikia panga ni juu ya jabali. Chini ya mawe zimelazwa silaha, na kila moja ina maelezo yake mafupi. Upanga wa kwanza ni mkali mno, aliutumia akiwa kijana wa miaka 20 hivi kushindana na mashujaa. Mahali pa pili hapana upanga, pana bamba la jiwe tu. Maandishi yanaeleza kwamba hapo ulipaswa kuwapo upanga mwororo alioutumia kabla ya kufika miaka 30, lakini kwa upanga huo alimjeruhi mtu mwema kwa kukosea, akauona una nuksi, akautupa katika bonde refu. Upanga wa tatu ni mweusi, hauna makali pande zote mbili na ncha yake ni butu. Uzito wake ni kama jin 70 au 80, yaani si chini ya kilo 35. Huo aliutumia kabla ya miaka 40, na kwa huo alizunguka dunia yote bila mpinzani. Wa nne ni wa mti, umekwisha kuoza. Maelezo yake yanasema kwamba baada ya miaka 40 hakufungwa tena na kitu chochote: jani, mti, mwanzi na jiwe, vyote vyaweza kuwa upanga. Na mbele ya hapo ipo hatua ya kushinda pasipo upanga.

Wasomaji wengi huikumbuka orodha hii kama ngazi inayopanda kutoka uzito kwenda wepesi. Tukiitazama vizuri, sivyo ilivyo. Bingwa anaanza na makali, anapita kwenye ulaini, kisha anaingia katika uzito mkubwa kabisa, na ndipo anapofika kwenye mti. Hakuna njia ya mkato kutoka makali hadi wepesi. Mwanafunzi anayetamani kupigana bila upanga, lakini hajaubeba ule wa kilo 35, hajaisoma orodha yote.

Tunaomba pia msomaji asimame kwenye lile bamba la jiwe, kwa sababu hapo ndipo tunapoona ukubwa wa Jin Yong kama mwandishi. Angeweza kuweka panga nne kamili. Dugu Qiubai, ambaye hakuna aliyemshinda, hakulazimika kumwambia mtu habari ya kosa lake. Shahidi pekee aliyebaki ni ndege asiyesema. Hata hivyo aliliachia kosa nafasi yake katika safu, kati ya ushindi na ushindi, akaliandikia maelezo kama alivyoziandikia silaha zake nyingine. Mtu anayetaka kurithi elimu ya bwana huyu anarithi pia aibu yake, na anairithi mapema, kabla ya kufika kwenye upanga mzito.

3. Yang Guo kama msomaji

Katika darasa la uhakiki tumezoea kutenga fani na maudhui, na kuziweka zana za wahusika upande wa fani, pamoja na mandhari na mavazi. Upanga huu unaukataa mpango huo. Yang Guo anausoma kwa mwili. Anapounyanyua upanga wa tatu kwa mara ya kwanza, unamponyoka kwa uzito wake. Akiwa ameonywa hivyo, anaukaza mkono wake mmoja na kuushika wa nne kwa nguvu zote, na huo unainuka kama ubua. Mikono ya msomaji asiyejua inakosea mara mbili, kwanza kwa kudharau, pili kwa kuogopa. Hilo ni somo la kusoma lenye maana hata kwetu: kila maandishi yanadai nguvu yake, na anayeyasoma yote kwa nguvu moja atayakosea yote.

Kwa nini kijana huyu apewe upanga mzito, na si ule mkali? Mtu mwenye mikono miwili ana hila nyingi, na Yang Guo kabla ya kukatwa alikuwa mtu wa hila. Alijifunza kwa walimu wengi, kila mmoja akimpa kipande. Upanga usio na makali hauruhusu hila: unakwenda moja kwa moja, polepole, na anayesimama mbele yake anasukumwa kama mlango. Mkono uliokatwa ulimnyang'anya ufundi, na upanga mzito ukamfundisha asiuhitaji. Kwa hiyo ulemavu wa Yang Guo na ubutu wa upanga ni jambo moja lililosemwa mara mbili. Mafunzo yake yanamwonyesha akisimama ndani ya mafuriko ya mlimani, maji yakimpiga kifuani, akijaribu kuinyosha silaha dhidi ya mkondo. Kurasa hizo ni kati ya zilizo bora katika riwaya nzima, kwa sababu mwandishi haelezi siri yoyote. Anatuonyesha mtu, maji na uzito.

Je, Yang Guo anaifikia hatua ya mwisho? Wahakiki wanaweza kuona kwamba mwandishi alilipa deni lake nusu tu. Hatua ya upanga wa mti inasimuliwa kwa muhtasari, katika habari za mazoezi yake dhidi ya mawimbi ya bahari. Na baada ya miaka 16 ya kumngojea mpenzi wake Xiaolongnü, Yang Guo anaonekana akipigana kwa kiganja chake na kwa mkono mtupu wa kanzu yake. Mbinu mpya inachukua nafasi ya ngazi ile tuliyoahidiwa.

Sisi tunaona kwamba deni lililipwa, ila mahali tusipolitazamia. Karibu na mwisho, Wamongolia wanaushambulia Xiangyang chini ya mtawala wao mkuu Möngke. Yang Guo anapenya katikati ya jeshi na kumuua. Kwa silaha gani? Kwa jiwe. Historia inasema kwamba Möngke alikufa mwaka 1259 akiwa vitani Sichuan, mbali na Xiangyang, na mwandishi aliihamisha habari hiyo kwa haki ya msanii. Lakini jiwe lile halikuokotwa ovyo. Jabali la Dugu Qiubai lilikwisha kusema kwamba jani, mti, mwanzi na jiwe vyaweza kuwa upanga. Tendo kubwa kuliko yote ya kijana huyu linatimiza maandishi hayo, na Jin Yong hatukumbushi. Anamwachia msomaji aliyesoma vizuri.

4. Chuma kilichoyeyushwa

Upanga mzito ulifanyaje baada ya hapo? Hili ndilo swali ambalo mashabiki wa picha za video huliruka, kwa kuwa jibu lake limo katika riwaya nyingine. Yang Guo, ambaye hakuuhitaji tena, alimpa Guo Xiang, binti mdogo wa Guo Jing. Wakati wa mwisho wa Xiangyang ulipokaribia, Guo Jing na mkewe Huang Rong waliona kwamba mji hautasalimika. Na kweli, katika historia ulianguka mwaka 1273. Wakaamua kuiokoa elimu yao. Waliuyeyusha upanga mzito, wakauchanganya na madini mengine ya thamani, wakafua silaha mbili: kitara cha Kuulia Joka na upanga wa Mbingu. Ndani ya silaha hizo walificha maandishi, kati yake kitabu cha mbinu za vita cha jemadari Yue Fei, na miongozo ya mapigano. Nia yao ilikuwa njema: siku moja mtu mwadilifu avipate vitabu hivyo na kuwafukuza watawala wa kigeni.

Yitian Tulong Ji inaanza matokeo ya uamuzi huo yakiwa yamekwisha kuiva. Siri imesahauliwa, uvumi umebaki. Jianghu yote inaamini kwamba mwenye kitara atautawala ulimwengu, na hakuna anayejua kwa nini. Watu wanauana ili wakishike. Zhang Cuishan na mkewe Yin Susu wanajiua mbele ya wageni, katika sikukuu ya kutimiza miaka 100 ya mwalimu wao Zhang Sanfeng, wakishinikizwa kumsaliti rafiki yao Xie Xun, aliye na kitara hicho. Mtoto wao Zhang Wuji anabaki yatima akishuhudia kwamba waheshimiwa walioujaza ukumbi walikuja kutafuta chuma.

Tulinganishe sasa. Dugu Qiubai aliuzika upanga huo juu ya jabali, akaandika hadharani kwamba mbele yake kuna mti, na mbele ya mti hakuna kitu. Ulikuwa umekwisha kutimiza kazi yake hapo, kama daftari la darasa la tatu. Vizazi vichache baadaye chuma kilekile kinatafutwa kama mwisho wa elimu yote. Kejeli hii haitangazwi na msimulizi, na msomaji aliyeisoma riwaya ya pili bila ya kwanza hawezi kuiona. Imejengwa juu ya masafa kati ya vitabu viwili, na kwa maoni yetu ndiyo kazi kubwa zaidi ambayo upanga wowote umeifanya katika fantasia ya karne ya 20.

Angalia pia jinsi siri inavyopatikana. Ili vitabu vitoke, silaha mbili zinapaswa kugonganishwa hadi zivunjike. Chuma kitukufu kinageuka jalada la kurarua. Anayefanya hivyo, Zhou Zhiruo, anafanya kwa wizi na hila, na kujifunza kwake kwa haraka kunamwharibu. Kitabu cha vita, kwa upande wake, kinafika mikononi mwa Xu Da, jemadari wa kweli wa historia aliyesaidia kuusimamisha utawala wa Ming mwaka 1368. Chuma hakikumfukuza mtawala yeyote. Kitabu kilipofunguliwa kilifanya kazi.

5. Pingamizi na kasoro

Kufikia hapa msomaji anaweza kutushika: je, makala haya yanasema kwamba kitabu ni chema na upanga ni mbaya? Kama ni hivyo, Xiao'ao Jianghu inatukanusha. Katika riwaya hiyo kitabu ndicho kinachoua. Familia ya Lin ya mji wa Fuzhou inaangamizwa kwa ajili ya mwongozo wa upanga ambao watu wanadhani wameuficha, na wanaume wenye heshima wanajihasi wenyewe ili waweze kuufuata. Karatasi inamwaga damu kama kitara.

Pingamizi hili ni la kweli, na linatulazimisha kulinoa dai letu. Katika riwaya hiyohiyo urithi wa Dugu Qiubai unatokea tena, safari hii bila chuma wala karatasi: mzee Feng Qingyang anamfundisha kijana Linghu Chong Mbinu Tisa za Dugu kwa mdomo na kwa mkono, akimwonya asifungwe na umbo lolote. Linghu Chong, aliyejeruhiwa na kupoteza nguvu zake za ndani, anawashinda watu wenye nguvu kuliko yeye. Hatumwoni akigeuka mla watu. Tofauti, basi, haiko kati ya chuma na karatasi. Iko kati ya elimu iliyowekwa wazi na elimu iliyofichwa. Jabali la Dugu Qiubai lilisomwa na yeyote aliyepanda. Feng Qingyang alimfundisha aliyekuja. Lakini kitabu kilichofungiwa ndani ya kitara, na mwongozo uliofichwa na ukoo mmoja, vyote viwili viligeuka mali, na mali huporwa. Guo Jing na Huang Rong, watu wema kuliko wote katika riwaya hizi, walikosea hapo: waliiokoa elimu kwa kuificha, na kwa kuificha wakaitia katika hatari kubwa zaidi.

Kasoro za mwandishi zipo, na si ndogo. Guo Fu amechorwa kama msichana aliyedekezwa asiyefikiri, kwa sababu ploti inahitaji mtu wa kuukata mkono ule. Tungependa kuona tendo hilo zito likipata mtu mzito wa kulitenda. Ndege, kwa upande wake, anamrahisishia mwandishi mambo mengi: anaongoza, anafundisha na kumlisha Yang Guo nyongo za nyoka zinazomwongezea nguvu kuliko mazoezi yoyote. Pale ambapo nyongo inafanya kazi ya mafuriko, uzito wa upanga unapungua katika macho ya msomaji. Lawama nyingi za namna hii zina asili yake katika gazeti: riwaya iliyotoka siku kwa siku ilipaswa kumshangaza msomaji kila asubuhi. Masahihisho ya baadaye yalipunguza baadhi ya mishangao hiyo, lakini hayakuifuta.

6. Hitimisho

Turudi kwa mwanafunzi wetu. Dugu Qiubai alitumia upi mwishowe? Riwaya inajibu kwamba hakutumia wowote, na kwamba jibu hilo halimfai mtu asiyepitia panga zile nyingine, pamoja na ule usiokuwapo.

Tumeuchagua upanga huu kwa sababu mbili zinazotuhusu. Tunasoma katika nchi ambayo mashariki yake haijatulia tangu vita vya mwaka 1996, na vijana wetu wanajua uzito wa silaha kuliko inavyopasa umri wao. Fasihi inayouonyesha upanga mkubwa kuliko zote ukiwa hatua ya tatu, ambayo mtu anapaswa kuipita, haipotezi muda wao. Sababu ya pili iko ndani ya kuta zetu. Walimu waliotutangulia walikusanya ngano, majina, istilahi na nyimbo kwa miaka mingi. Baadhi waliyachapisha au kuyafundisha. Wengine waliyafungia makabatini wakingojea mrithi anayestahili, na walipofariki, funguo zikagombewa na karatasi zikaliwa na mchwa. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na nia mbaya. Walifanya kama Guo Jing na Huang Rong.

Tunapendekeza, basi, kila mwalimu wa idara zetu aandike jabali lake angali hai: alichotumia akiwa na miaka 20, alichokitupa na kwa nini, kilichomlemea, na alichoweza kukiacha. Aliandike mahali ambapo anayepanda anaweza kulisoma. Na bamba la pili asiliruke.